Kibanda cha watoto ndani ya lupango: kwa nini wanakipenda, na mzazi aangalie nini

Karavia ni upande ule wa Lubumbashi wenye hoteli kubwa, ziwa na uwanja wa golf. Mgeni anaona kwanza kuta: kuta ndefu, milango ya chuma, sentineli kwenye kiti. Nyuma ya kuta hizo unaweza kukuta hema ndogo ya duka, ya kitambaa cha rangi, iliyonunuliwa juu ya sikukuu ya kuzaliwa kwa mtoto. Na pembeni, karibu na kanyumba ka sentineli, watoto wengine wamefunga kitenge cha mama kwenye tawi la mwembe na kwenye mgongo wa kiti, wakaingia chini yake. Mchezo ni ule ule.

Wakati wa kiangazi, wenyewe wanasema kipwa, kuanzia mwezi wa tano mpaka wa tisa, mvua hainyeshi Haut-Katanga. Shule zinafungwa katikati ya kipindi hicho, na watoto wanashinda nje. Hapo ndipo vibanda vinaota kila mahali: chini ya miembe, nyuma ya jiko, kati ya ukuta na tangi la maji. Wazazi wengi wanaona ni kuchafua vitambaa tu. Wengine wanafurahi kwa sababu watoto wametulia, na hawaendi kuangalia wametulia wapi. Kumbe swali la wapi ndilo lenye uzito.

Mchezo wenye majina mingi

Mtu yeyote aliyekulia huku anajua maneno yake: "Weye njo mama, miye niko papa, ule mutoto iko mugonjwa." Majani yanakuwa matembele, udongo unakuwa bukari, kopo la maziwa linakuwa sufuria. Kwa Kibemba, lugha inayosikika pande zote mbili za mpaka wa Kasumbalesa, mchezo huu wa kujenga kanyumba na kuigiza maisha ya wakubwa unaitwa mansansa. Nairobi watoto wanasema kalongolongo. Tanzania wanasema baba na mama. Si kitu kilichokuja na mahema ya plastiki ya dukani. Hema ya dukani ndiyo imekuja kukaa juu ya mchezo wa zamani.

Kwa nini lazima kuwe na kuta na paa, hata kama ni kitenge tu? Mtoto wa miaka 3 au 4 anaishi katika dunia iliyopimwa kwa watu wakubwa. Meza ni refu, mlango ni mzito, ratiba si yake. Ndani ya kibanda ndiye mwenye nyumba: anaamua nani aingie, nani abishe hodi. Tena anaona nje bila yeye kuonekana. Mwalimu mmoja Mmarekani, David Sobel, alifuatilia watoto wa Uingereza na wa kisiwa cha Carriacou katika Karibiani, akatoa kitabu mwaka 1993 juu ya mahali pa siri ambapo watoto wanajijengea. Alikuta tabia ile ile kwa watoto ambao hawafanani kwa lugha wala kwa mali. Wakubwa kidogo, wa miaka 7 hadi 11, wanaenda mbali na nyumba na kujenga kwa matawi. Wadogo wanabaki karibu na mama, wanachukua meza na blanketi.

Mchezo huu unalisha lugha pia. Ili "mama" na "papa" wa kibandani waelewane, lazima waseme nani anafanya nini, wakumbuke sheria waliyoweka, na wakubali zamu. Mtoto anayefundishwa Kifaransa shuleni na kusema Kiswahili nyumbani, mara nyingi ndani ya kibanda utamsikia anabadilisha: Kiswahili akiwa mama, Kifaransa akiwa daktari. Na mwili unafanya kazi: kukokota kamba, kutambaa, kubeba mawe, kuvunja na kujenga upya. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2019, linasema mtoto wa miaka 3 na 4 anahitaji angalau dakika 180 za kujongeajongea kwa siku, na dakika 60 kati ya hizo ziwe za kutoa jasho. Televisheni na simu zisipite saa 1. Mtoto anayejenga kibanda asubuhi amekwisha kufika mbali katika hesabu hiyo bila mtu kumsukuma.

Haki yenyewe iko kwenye karatasi. Mkataba wa kimataifa wa haki za mtoto, ambao inchi yetu iliuridhia mwaka 1990, unataja mchezo katika kifungu cha 31. Lakini karatasi haitoi uwanja. Katika miji yetu nafasi za wazi zinageuka kuwa viwanja vya nyumba, na mtoto anabaki na lupango peke yake.

Udongo wa Lubumbashi si udongo tu

Jambo moja linahusu Lubumbashi, Likasi na Kolwezi kuliko Bukavu au Kisangani. Mji huu ulizaliwa mwaka 1910 juu ya shaba, na tanuru la kwanza lilianza kuyeyusha mwaka 1911. Kwa miaka mingi moshi wa kiwanda ulibebwa na pepo za kusini-mashariki na kushuka upande wa kaskazini-magharibi, na udongo wa sehemu zile umebaki na metali.

Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walitoa matokeo ya kupima mikojo ya watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya Katanga. Walikuta kobalti, risasi, kadmiamu na uraniamu kwa kiwango cha juu kuliko kwa watu wanaoishi mbali, na watoto walikuwa na kobalti kuliko wakubwa. Utafiti mwingine wa 2014 ulitafuta njia ambazo kobalti inapitia, na kwa watoto vumbi lilionekana kuwa mojawapo. Sababu inaeleweka: mtoto mdogo anakaa chini, anashika chini, kisha anaweka mkono mdomoni. Risasi hasa ni mbaya kwa ubongo unaokua, na haina dalili ya haraka ambayo mzazi angeiona siku ile ile.

Sasa kibanda kinaingia wapi? Kibanda ni mahali mtoto anakaa saa nyingi akiwa chini, amefungiwa na vumbi lake. Sakafu yake ndiyo inahesabika kuliko paa. Mkeka mzito au blanketi ya zamani, inayokung'utwa nje mbali na watoto na kufuliwa, inapunguza mambo mingi. Mahali penyewe panyunyizwe maji kabla ya kufagia. Kufagia kavu ni kulirudisha vumbi puani. Mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kula, hata kama chakula ni karanga tu. Na lile jambo la kula udongo, ambalo wengine wanalichukulia kama kawaida ya watoto, katika mji wa madini lisiachwe lipite.

Kuna pia mifuko. Mfuko mkubwa mweupe wa plastiki iliyofumwa ni mgumu, hauna bei, na watoto wanaupenda kwa paa. Ukiwa ulibeba unga au mchele, hakuna neno. Ukiwa ulibeba madini, mbolea au dawa ya mimea, usiingie katika mchezo hata baada ya kuoshwa. Vivyo hivyo mapipa ya bluu yaliyobeba asidi: watu wanayauza sokoni kwa kuweka maji, na watoto wanayalaza chini na kutambaa ndani yake.

Tuseme pia juu ya vichuguu. Uwanda wa Lubumbashi una vichuguu vikubwa sana, vingine vinapita kimo cha nyumba, na udongo wake ndio wanaochoma matofali. Kila kichuguu kilichochimbwa nusu kinaacha pango, na pango linawaita watoto. Wanachimba kuongeza "chumba". Udongo au mchanga ukianguka juu ya mtoto, uzito wake unazuia kifua kupanda, na dakika chache zinatosha kumuua. Lundo la mchanga wa kujengea ni hivyo hivyo. Kuruka juu yake ni mchezo, lakini kuchimba tundu ndani yake kukatazwe kabisa, bila majadiliano. Isitoshe mashimo ya vichuguu ni makao ya nyoka.

Vitu vinavyofungwa kwa nje

Kitenge hakimfungii mtu. Akichoka anakisukuma, anatoka. Tofauti hiyo ndogo ndiyo inatenganisha mchezo na msiba, na inafaa kukaa akilini kuliko shauri lingine lolote hapa. Mtoto hatofautishi kati ya kanyumba ka kitambaa na kanyumba ka chuma. Kwake yote ni mahali pa kuingia.

Friji iliyokufa ndiyo mfano wa kwanza. Zamani friji zilikuwa na kitasa kinachojifunga na kisichofunguka kutoka ndani. Marekani watoto walikufa kwa kukosa hewa katika friji zilizotupwa, mpaka mwaka 1956 ikatungwa sheria ya kulazimisha milango inayofunguka kwa kusukuma kutoka ndani. Ndipo sumaku zikachukua nafasi ya vitasa. Lakini kongelateri ya kulala, ile ya kuuzia samaki na kuku, bado ina kifuniko kizito na mara nyingi ina kufuli. Fundi anayeweka makasha ya friji uani, na mama ambaye amegeuza kongelateri yake mbovu kuwa kabati, wote wang'oe mlango au kifuniko. Kuusogeza ukutani haitoshi.

Gari linafuata. Gari bovu liko katika malupango mengi, limekaa juu ya matofali likingojea pesa ya moteri. Ndani ya dakika 10 joto la gari lililofungwa juani linaweza kupanda kwa karibu digrii 11, na mwili wa mtoto mdogo unapata joto mara 3 hadi 5 haraka kuliko wa mtu mzima. Mwezi wa kumi, kabla ya mvua kuanza, Lubumbashi inapita digrii 30 mchana. Mtu apige hesabu mwenyewe. Vioo kidogo wazi havisaidii sana. Gari lifungwe kwa ufunguo, pamoja na koferi ya nyuma, hata kama haliendi popote. Konteneri, tangi tupu la maji, shimo la choo linalochimbwa na kisima bila kifuniko vyote viko katika orodha hiyo hiyo.

Hema ya plastiki na bashi, ile wanayoiita shitingi huko Goma, ziko katikati. Hazimfungii mtoto, lakini zinashika joto. Hema ya nailoni iliyowekwa juani saa 6 mchana inakuwa tanuru, na mtoto aliyelala ndani hasemi kama amechomwa na joto. Kwa hiyo hema isimame kivulini, na kivuli kinatembea: kilichokuwa kivuli saa 3 asubuhi ni jua kali saa 7. Mtoto akisinzia, atolewe alale ndani ya nyumba.

Moto, kamba na upepo

Mwezi wa sita na wa saba asubuhi za Lubumbashi ni baridi, na mbabula inasogea karibu na watu. Watoto wanaiga. Akishamwona mama akipika, naye anataka makala ya kweli chini ya kopo lake. Kitenge cha pamba kinashika moto haraka. Hema ya nailoni inayeyuka na kunata kwenye ngozi. Tena moshi si hatari peke yake: makala yanayowaka bila moshi yanatoa gesi ya monoksidi ya kaboni, isiyo na harufu wala rangi, na mahali padogo palipofunikwa gesi hiyo inalaza watu kabla hawajajua. Mtoto asiachiwe makala ndani ya kibanda hata yakiwa yamebaki majivu mekundu. Apewe mbabula ya uongo: kopo lenye matundu na vipande vya matofali. Watoto wanakubali bila shida, mradi kuna kitu cha kukoroga.

Kamba ndefu inayoning'inia inaweza kumzunguka mtoto shingoni. Sheria rahisi ni kwamba kamba zote zikazwe, miisho ikatwe, na isiwepo iliyovutwa kwa kimo cha shingo mahali watoto wanakimbia. Waya wa kuanikia nguo ni mbaya zaidi, hasa jioni.

Kwenye sikukuu watu sasa wanapangisha mahema makubwa na manyumba ya kujaza hewa ambayo watoto wanaruka ndani. Wenye kupangisha wanakuja, wanajaza hewa, wanaenda. Mzazi ana haki ya kuhesabu vigingi. Mwaka 2021, mwezi wa 12, huko Devonport katika jimbo la Tasmania, Australia, upepo uliinua nyumba ya namna hiyo kwenye sikukuu ya shule, na watoto 6 walikufa. Mahakamani ilielezwa kwamba ilikuwa imefungwa sehemu 4, na mtengenezaji alitaka 8. Mwezi wa nane na wa tisa kwetu ni wakati wa vimbunga vidogo vya vumbi. Mfuko wa mchanga uliowekwa juu ya kamba si kigingi.

Mvua zikirudi, swali linabadilika. Mashariki ya Kongo ni kati ya sehemu za dunia zinazopigwa na radi mara nyingi zaidi; Kifuka, katika milima ya huko, ilitajwa kwa miaka kama mahali pa kwanza kwa radi duniani. Kibanda chini ya mwembe, kizuri wakati wa jua, ndicho mahali pabaya ngurumo zikianza. Mtoto afundishwe kwamba akisikia ngurumo ya kwanza anakimbia ndani ya nyumba bila kusubiri tone la kwanza, na bila kurudi kuokoa vyombo.

Pale hema ni nyumba

Kwa wasikilizaji wengi wa Kivu, Ituri na Tanganyika, neno hema halileti mawazo ya sikukuu. Katika kambi za wakimbizi wa ndani, kama zilivyokuwa pembeni ya Goma mpaka zilipovunjwa mwanzoni mwa 2025, au Katanika karibu na Kalemie, familia nzima ililala chini ya bashi moja. Hata kule watoto walijenga kahema ndani ya hema, kwa kipande cha bashi kilichobaki na vijiti. UNICEF na washirika wake wanaweka nafasi rafiki kwa watoto, mara nyingi ndani ya hema kubwa la mita 42 au 72 za mraba, na wahuishaji, michoro na mipira.

Mtu anayemtunza mtoto aliyekimbia vita anaweza kushangaa: mtoto anajenga kibanda, anakivunja, anapiga kelele "wanakuja!", anakimbia, anarudi, anajenga tena. Si utovu wa adabu. Anachezesha kilichompata, na mara hii yeye ndiye anaamua mwisho. Akatazwe tu akiumia au akiumiza wenzake. Lakini kama kwa majuma mengi mchezo haubadiliki hata kidogo, hataki kutoka ndani, halali usiku, au ameacha kusema, hapo aonwe na mtu wa afya. Na mtoto mwingine hataki kuingia hema kabisa. Asilazimishwe, anaweza kuwa mlinzi wa mlango, na kazi hiyo inamtosha.

Kujenga kimoja bila gharama

Miti mitatu ya mikalitusi au ya mwanzi, kimo cha mita 1 na nusu, inafungwa juu kwa mpira wa baiskeli uliokatwa. Mpira unakaza kuliko kamba na hauna miisho mirefu. Miguu ya miti izame ardhini kama kiganja kimoja. Kitenge kimoja, au vipande viwili vya pamba, kinazungushwa na kushikwa kwa vibanio vya nguo. Pamba inapitisha hewa, plastiki haipitishi. Pande mbili zibaki wazi, moja ikiwa inaelekea mahali mkubwa anakaa. Hapo mama anayetwanga au yaya anayefua anasikia sauti, na hana haja ya kuchungulia kila mara. Kuchungulia sana kunaua mchezo.

Mawe juu ya paa, hapana. Chandarua cha kitanda, hapana: kina dawa, na kikipasuka mtoto anaumwa na mbu usiku kwa sababu ya mchezo wa mchana. Kabla ya kuingia kila asubuhi, mkubwa apige miti kwa fimbo na kuinua mkeka, juu ya nge na nyoka, hasa kama nyasi ziko karibu. Karibu na ziwa au mto, kama vile Karavia, kibanda kiwe upande wa nyumba, ukuta ukiwa kati ya watoto na maji. Mtoto wa chini ya miaka 3 anacheza na mkubwa ndani au pembeni, si peke yake na wenzake.

Saa 11 jioni kitenge kinashushwa, kinakung'utwa na kurudi kwa mwenyewe. Miti inaweza kubaki imesimama. Kesho asubuhi watoto watabishana kwanza nani alikuwa papa jana.